Ngumi za Amin na Mwalimu

KASSIM: Karibuni tena. Neema leo kaja na daftari, ana mambo matatu ya kutufundisha kuhusu vita vya Kagera.

NEEMA: Na yote nitayamaliza. Anza wewe, umerudi juzi kutoka Kagera.

KASSIM: Nilikuwa msibani Misenyi. Tunavuka daraja la Kyaka, mzee mmoja kwenye basi akaanza kuikariri hotuba ya Rais wetu, Mwalimu Nyerere, ya Novemba 1978 ya kutangaza vita, ile ya uwezo, sababu na nia. Basi zima likaitikia, hadi vijana waliozaliwa baada ya vita!

NEEMA: Ndiyo la kwanza langu: Mwalimu na Idi Amin wa Uganda walivyoonana. Jeshi la Amin lilivuka mpaka Oktoba 1978, lakini vita vilianza vichwani tangu Januari 1971, alipompindua Rais Obote. Mwalimu alimwona muuaji tu. Akakataa kumtambua, akampokea Obote Dar es Salaam.

KASSIM: Na Amin akamwona Mwalimu kama mpinzani wa ulingoni. Unalikumbuka lile la ngumi?

NEEMA: Kaka, tusiingie kwenye ngumi.

KASSIM: Lazima! Huyu alikuwa bingwa wa ndondi Uganda miaka ya 1950. Vita vimepamba moto, anatangaza wapigane yeye na Mwalimu, Muhammad Ali awe refa, na yeye afungwe mkono mmoja!

NEEMA: Na miguu ifungwe pia.

KASSIM: Si ulisema tusiingie?

NEEMA: Haya, basi tuingie hadi ndani. Bondia humsoma mwenzake raundi ya kwanza. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivamia Uganda kutokea kwetu, wakashindwa. Amin akapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwalimu hakurudisha, Oktoba wakatia saini mkataba wa Mogadishu. Naamini hapo ndipo Amin alipojiambia: huyu ni mwalimu wa shule, hapigi. Miaka sita baadaye akaichukua ardhi yote hadi mto Kagera, akaitangaza kuwa ya Uganda.

KASSIM: Hapo nakubali. Lakini Mwalimu naye alifumba macho. Alikataa kuketi na Amin, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukutana tena, na 1977 ikavunjika. Ukimfungia mtu mlango, utajuaje anachopanga?

NEEMA: Jumuiya usimtwike Mwalimu. 1977 tuligombana na Kenya hadi mpaka ukafungwa.

KASSIM: Sijasema peke yake. Nasema ukishaamini mtu ni muuaji, kila anachofanya kinakuthibitishia.

NEEMA: Kwa sababu alikuwa muuaji! Waganda walikuwa wanakufa. Hiyo si imani, ni ushahidi.

KASSIM: Na kumhifadhi Obote na watu wake hakukumtia Amin hofu?

NEEMA: 1978 wanajeshi wake mwenyewe walikuwa wameasi. Hofu yake ilitoka kambini kwake, si Dar es Salaam.

KASSIM: Hofu hutoka pande zote, dada.

NEEMA: Sikubali.

KASSIM: Wala mimi. Fundi ananionyesha saa.

NEEMA: Bado nina mambo mawili! La pili ni OAU, umoja wa nchi za Afrika: Mwalimu aliwataka wamlaani mvamizi, wao wakataka kusuluhisha tu...

KASSIM: Dakika moja, Neema.

NEEMA: Haitoshi. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, na sijafika hata Libya, iliyomletea Amin askari.

KASSIM: Libya wiki ijayo.

NEEMA: Wiki ijayo tuna mgeni.

KASSIM: Basi aje na msimamo wake kuhusu Jumuiya. Kwaherini.