Mti Ambao Ni Watu

Bwana Yesu asifiwe, walimu wenzangu wa kwaya.

Nimeombwa niseme juu ya Krismasi, nami nimechagua mti. Sisemi huu tuliokua nao, tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, pamba imetandazwa juu ili ifanane na theluji ambayo hatujawahi kuiona. Nasema juu ya mti ambao ni watu.

Mwaka 1933, mjini Jackson, jimbo la Mississippi kule Marekani, chuo cha Belhaven, ambacho wakati ule kilikuwa cha wanawake, kilianza desturi ya kupanga waimbaji ngazi juu ya ngazi, chini wengi na juu wachache, mpaka kwaya ikawa na umbo la mti wa Krismasi. Makanisa na shule nyingine wakaiga. Siku hizi huwa ni kiunzi cha chuma au mbao kilichofunikwa majani mabichi na taa, na katikati ya majani hayo zinachomoza nyuso zinazoimba. Hata Zürich, Uswisi, upo mti wa namna hiyo nje kabisa, katika uwanja wa Werdmühleplatz. Kwaya hupanda zikaimba, na wapita njia husimama na mifuko yao ya sokoni kusikiliza.

Lakini mti unaonishangaza zaidi uko Muskegon, jimbo la Michigan. Ni wa wanafunzi wa sekondari ya Mona Shores, nao wameuendeleza tangu 1985. Una safu 15 na urefu wa futi 67, yaani kama mita 20. Fikirini mnazi uliokomaa, halafu ipandisheni kwaya nzima juu yake, mtu mmoja akisimama kileleni!

Sasa tuzungumze kama mafundi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliye kileleni akiisikia safu ya chini ndipo aanze, ameshachelewa karibu sehemu 6 kati ya 100 za sekunde, na sauti yake inachelewa kiasi hicho hicho tena kurudi chini. Ni kidogo, ndiyo, lakini kwenye wimbo wa kasi konsonanti zinatawanyika kama mchele uliomwagika. Kwa hiyo mti wote unaimba kwa macho. Kila mmoja anaufuata mkono wa mwalimu, hata pale sikio lake linapomwambia vingine.

Nalisema hili kwa uchungu, maana sisi tumezoea kinyume chake. Sauti ya nne inamsubiri yule mzee mmoja mwenye besi nzito, na sauti ya kwanza inamvizia dada mmoja anayeijua solfa, yaani kusoma do-re-mi. Akisafiri huyo, kwaya inapotea. Juu ya mti hakuna wa kumvizia. Aliye karibu nawe huenda anaimba sauti nyingine kabisa, kwa sababu safu zinazidi kuwa fupi kadiri unavyopanda, na sauti hazikai zote kwa mpango uleule wa jukwaani.

Na mwili unaingia kazini. Joto la taa na la miili hupanda juu, na watu wamesimama muda mrefu mahali finyu. Wafundisheni waimbaji wenu wasikaze magoti, hata pale wanaposimama sakafuni. Mtu akizimia chini ya madhabahu tunamdaka. Akizimia kwenye kiunzi, jirani zake wawili tu ndio wanaoweza kumshika.

Sisemi tujenge kiunzi. Fedha ya chuma hicho ingetununulia kinanda kipya na ikabaki. Ila ukumbi huu una ngazi za kupanda ghorofani, nami nimeomba ufunguo. Tukitoka kunywa chai, sauti ya kwanza watapanda hadi juu, sauti ya nne wabaki chini mlangoni, na mimi nitasimama pale kwenye kituo cha katikati, mahali mnaponiona wote. Tutaimba ubeti mmoja tu. Msisikilizane. Niangalieni mkono.