Wachungaji Wasiachwe Njiani: Kufupisha Oratorio kwa Tamasha la Krismasi

Walimu wenzangu wa kwaya, Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni kwa kufika, hasa mliotoka Kongwa na Mpwapwa alfajiri.

Tamasha la Krismasi likiwa na kwaya nne au tano, kila kwaya inapata nusu saa hivi. Messiah ya Handel, ambayo ni oratorio, yaani habari ya Biblia inayoimbwa na kwaya, waimbaji binafsi na vyombo bila kuigizwa, ikiimbwa yote inakaribia saa mbili na nusu. Kwa hiyo kukata ni lazima, na tusijione tunamkosea mtunzi. Handel aliitunga London mwaka 1741 kwa siku 24, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na baada ya hapo yeye mwenyewe aliendelea kuibadilisha kufuatana na waimbaji aliowapata. Hata Pifa, ule muziki wa wachungaji unaopigwa kwa vyombo tu, ina umbo refu na umbo fupi la dakika moja hivi. Ruhusa ya kukata tunayo. Kazi iko kwenye kujua pa kukata.

Wengi wetu tunashika zile nyimbo kubwa za kwaya nzima na kuviacha vile vipande vifupi ambavyo mtu mmoja anasimulia. Vinaonekana kama maneno ya kupitia tu. Nami nilifanya hivyo. Tuliimba "Mtoto amezaliwa", do, ile sauti ya msingi ya wimbo, ni G, tukaruka moja kwa moja hadi "Utukufu kwa Mungu", do ni D. Mazoezini hatukuona shida maana kinanda kilitutangulia. Usiku wa tamasha mvua ikapiga, umeme ukakatika, nikatoa do kwa mdomo. Sauti ya kwanza na ya pili wakanipata. Sauti ya tatu bado walikuwa na G masikioni, wakaingia nayo kwa nguvu zao zote. Nikashusha mikono, tukaanza upya mbele ya kanisa lililojaa. Vijana wale waliimba vichwa chini mpaka mwisho, na kosa lilikuwa langu mimi niliyekata.

Nilipofungua kitabu tena ndipo nikaona. Kati ya nyimbo zile mbili, baada ya Pifa, kuna vipande vinne vya Luka 2: wachungaji wako makondeni usiku, malaika anawatokea, anawaambia wasiogope, kisha ghafla jeshi la mbinguni. Vyote vinne ni kama dakika mbili. Pifa na kipande cha kwanza viko C, hatua fupi tu kutoka G. Cha mwisho kiko D tayari, kwa hiyo kwaya inasimama ikiwa imeshasikia do yake. Handel alijenga daraja, mimi nikaling'oa ili niokoe dakika mbili. Na hadithi nayo nilikuwa nimeikata: malaika wanaimba, wachungaji hawapo. Hapa Ugogoni, ambako mtu amekua akichunga mbuzi na ng'ombe, unamnyima mahali pake hasa katika habari ya Krismasi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa nota, soma maneno peke yake kwa sauti, kama somo la kanisani. Kile kipande cha besi cha Isaya 9, watu waliokwenda katika giza, wengi wanakiruka kwa kuwa ni kizito. Mimi nakibakiza, kwa sababu "Mtoto amezaliwa" ndio mwanga unaokuja baada ya giza hilo. Ukianza na "Farijini" na wimbo wa kila bonde, ukaingia "Utukufu wa Bwana", ukaenda gizani na besi, ukafika kwa mtoto, kwa wachungaji na kwa malaika, bado uko ndani ya nusu saa.

Haleluya? Inafunga sehemu ya pili, mbali na Krismasi, lakini watu wanaingojea na iko D vilevile. Iwekeni. Ila msiirukie. "Utukufu kwa Mungu" unaisha kwa vyombo vinavyofifia kidogo kidogo, kama malaika wanaondoka. Mpiga kinanda aachwe amalize, kanisa litulie, ndipo mwendelee.

Katikati ya wimbo ambao sauti zinaingia moja baada ya nyingine msikate kabisa. Kuna sauti itabaki na neno mdomoni. Acheni wimbo mzima. Bach yeye amewarahisishia: Oratorio yake ya Krismasi, ya mwaka 1734, ina sehemu sita za siku sita tofauti, kuanzia tarehe 25 Desemba hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Chukueni sehemu moja, muiimbe kamili. Na mtunzi wetu aliye hai apigiwe simu kabla ya kukatiwa wimbo wake.

Haya yote yafanyike Oktoba. Mvua za Dodoma zikianza wanakwaya wako shambani wanapanda, na mwenye karatasi ya zamani ataimba ya zamani. Halafu zimeni kinanda, mfanye mazoezi ya maungio ya nyimbo tu: mwisho wa wimbo huu, mwanzo wa unaofuata.

Tusimame tujaribu. Mistari miwili ya mwisho ya "Mtoto amezaliwa", do ni G. Dada yangu hapo mbele, utatusimulia wachungaji. Sauti ya tatu, msikilizeni yeye, msinitazame mimi.