Kipindi: Fundi wa Makambako na Chumba cha Dar

NEEMA: Karibuni tena, wapendwa. Mimi ni Neema, na hapa nipo na kaka yangu Hamisi, aliyetoka Morogoro alfajiri ya leo. Pole na safari, kaka.

HAMISI: Nimeshapoa, dada yangu. Wasikilizaji wetu, hamjambo?

NEEMA: Leo tuna ujumbe mmoja tu, nao unatutosha. Dada mmoja wa Makambako ametutumia sauti. Ni fundi cherehani, ana miaka 26, anashona barazani kwa shangazi yake na halipi kodi. Ameweka akiba ya laki tisa. Anauliza: nihamie Dar, au nibaki?

HAMISI: Mimi niliusikiliza mara tatu. Kuna mahali anasema, "Makambako kila mtu anapita, hakuna anayekaa." Kwa anayeijua njia panda ile, hapo amesema kweli. Basi la Mbeya, basi la Songea, lori la Tunduma, reli ya TAZARA, vyote vinapita mlangoni kwake. Yeye amekaa na cherehani anatazama.

NEEMA: Ndiyo maana mimi nasema aje.

HAMISI: Taratibu, dada! Hatujapiga hata hesabu.

NEEMA: Basi tuanze nayo. Chumba kimoja Mbagala, tuseme cha elfu sabini kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni laki nne na elfu ishirini. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Jumla laki nne na tisini.

HAMISI: Hajanunua hata ndoo. Amebaki na laki nne na elfu kumi. Fremu ya biashara hapo sahau. Hata akiipata ya laki moja kwa mwezi, nayo inataka miezi sita mbele. Na Kariakoo kwenyewe kuna kilemba, unampa aliyekutangulia pesa ili akuachie tu mlango. Kwa hiyo ashonee wapi?

NEEMA: Chumbani.

HAMISI: Chumbani, kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme?

NEEMA: Aisee, hapo umenigusa. Ngoja niwaeleze nilichokiona. Nilipotoka Tukuyu mwaka 2014, chumba changu cha kwanza kilikuwa Mbagala, nyumba ya vyumba vinane, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Kila mwezi tunachanga sawa kwa sawa. Chumba cha nne alikaa mama mmoja fundi. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, haili umeme. Lakini nguo usipoipiga pasi haijaisha, na pasi ndiyo inayomaliza yuniti. Ikifika tarehe ishirini hivi, usiku taa zinazimika nyumba nzima. Hakuna anayesema kitu. Ila unasikia milango inafunguliwa mmoja mmoja, watu wanatoka uani, na wote wanautazama mlango wa chumba cha nne.

HAMISI: Masikini.

NEEMA: Akanunua pasi ya mkaa. Saa kumi na moja alfajiri anaiwasha uani, anaipepea kwa kipande cha boksi. Moshi ukaingia kwa wenye watoto, ikawa kesi nyingine. Mwisho alikwenda kuweka cherehani yake kwenye ofisi ya fundi mwenzake, analipa kila Jumamosi. Na kule ndiko alikonyanyukia! Maana ofisi ile ilikuwa karibu na kumbi za sherehe. Kitchen party, sendofu ya kumwaga bibi harusi, kamati ya harusi watu thelathini wanataka mshono mmoja kwa wiki moja. Oda moja kama hiyo, Makambako ataisubiri mpaka lini?

HAMISI: Sibishi. Wateja Dar wapo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa ule mmoja. Sensa ya 2012 walikuwa 4,364,541. Zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anavaa nguo.

NEEMA: Umeona? Unanisaidia mwenyewe.

HAMISI: Lakini na mafundi wamo humohumo kwenye hiyo milioni, dada. Na mimi nina jambo langu. Mtu akiwa Makambako anasema "naenda Dar" kana kwamba Dar ni sehemu moja. Mimi nimezaliwa Temeke, nakuambia Dar haihamiwi. Kinachohamiwa ni mtaa, na barabara ya kutokea mtaa huo. Wa Chanika na wa Magomeni wote wako Dar, ila wa Magomeni ameshafika kazini na wa Chanika bado amening'inia mlangoni mwa daladala.

NEEMA: Kabisa. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza njia ya Kimara, watu waliuona mji upya. Foleni za kituoni zipo, tunazijua, lakini kuwa karibu na barabara ile ni jambo la kuuliza kabla hujatoa kodi.

HAMISI: Sasa atasema, basi nitafute chumba karibu na Kariakoo ili vitambaa niviendee kwa miguu. Vizuri. Vyumba vya bei nafuu karibu na Kariakoo vingi viko bondeni. Jangwani, Kigogo, bonde la Msimbazi. Desemba 2011 maji yaliingia mle, watu wakafa, na serikali ikawahamishia familia nyingi Mabwepande. Mabwepande ni mbali na Kariakoo mno! Mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu mpaka kwenye biashara yake alijikuta huko, akiwa na kiwanja lakini hana kazi.

NEEMA: Hapo nina la kumwambia huyu dada. Ukioneshwa chumba, usiangalie rangi. Rangi ni ya juzi. Inama, angalia ukuta karibu na sakafu, na nyuma ya mlango. Maji yakishakaa ndani ya nyumba yanaacha mstari wa kahawia, na plasta ya chini inafura, ukiigusa inamwagika kama unga. Dalali hawezi kukuambia. Mimi niliyempata mwaka ule alinipeleka saa moja usiku, kwa tochi ya simu, akasema eti mchana mwenye nyumba hayupo. Masika yalipofika nikaelewa kwa nini usiku.

HAMISI: Ulikaa na maji?

NEEMA: Nilikaa juu ya kitanda siku mbili, begi la nguo nimelipakata. Na kodi ya miezi sita nimeshailipa, nitaenda wapi? Sikuwa na ndugu wa kumgongea usiku ule.

HAMISI: Kwa nini hukumwambia mama yako?

NEEMA: Mama angesema rudi. Na mimi nilikuwa sitaki kurudi, kaka Hamisi. Hilo nalo tuliseme, maana mara nyingi tunazungumza kana kwamba watu wanafuata pesa peke yake. Nyumbani nilikuwa binti wa fulani, mdogo wake fulani, niliyekataa kuolewa na fulani. Dar hakuna aliyenijua. Nilikuwa nakwenda dukani kununua sabuni na hakuna anayeuliza naelekea wapi. Kwa msichana, kitu hicho kina uzito wake. Msije mkamwambia ni ujinga.

HAMISI: Si ujinga. Ila ukiugua, hakuna anayekujua vilevile.

NEEMA: Ni kweli. Baba alipopata kiharusi nilifika Tukuyu siku ya tatu. Mpaka nipewe ruhusa, mpaka nipate nauli, halafu njia nzima, Mikumi, Kitonga. Nilimkuta hawezi tena kusema. Hilo sijalizoea mpaka leo.

HAMISI: Pole sana, dada yangu.

NEEMA: Ahsante. Endelea tu.

HAMISI: Nataka kusema kuhusu mwenyeji. Wazee wangu wa Temeke walikuwa wanasimulia operesheni ya Nguvu Kazi, mwaka 1983. Asiye na kazi ya kuonesha alikamatwa mjini akarudishwa kijijini. Siku hizi hakuna anayekukamata, anayekurudisha ni mwenyeji wako akichoka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la Dar ni kuchangia LUKU, kujaza maji DAWASA, watu wa maji, wakiyafungulia, kuacha elfu tano ya mboga bila kuombwa. Anayelijua hilo mapema anakaa na ndugu miezi mitatu kwa amani.

NEEMA: Sasa sema wazi. Aje au asije?

HAMISI: Mimi nasema asihamie bado. Anunue vitambaa Dar, ashonee Makambako. Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo akipata muuzaji mmoja mwaminifu wa vitenge, mzigo unapakiwa kwenye basi, pesa inakwenda kwa simu. Wateja wanaopita njia panda awashonee nguo zilizo tayari, azitundike, mtu anashuka kwenye basi anachagua. Hana kodi, hana fremu. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyoishi. Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024, napanda Morogoro kwa elfu kumi na tatu, chini ya saa mbili niko Dar, jioni nalala Kihonda.

NEEMA: Wewe una treni. Yeye yuko zaidi ya kilomita 600. Na nguo za kutundika utazijaribuje kama humwoni mvaaji wa Dar anavaa nini mwaka huu? Mshono unaonekana kwa macho, hautumwi kwa basi.

HAMISI: Picha zipo kwenye simu.

NEEMA: Picha haikuoneshi pindo limegeuzwaje kwa ndani. Fundi yule wa chumba cha nne alijifunza kukata gauni la sendofu kwa kukaa pembeni ya mwenzake, akimwangalia mkono.

HAMISI: Hilo nakubali. Ufundi unaibwa kwa jicho, na mafundi wazuri wamejaa huko.

NEEMA: Basi tukutane hapo. Aje bila kuhama. Wiki tatu, mwezi wa nne, mvua zikiwa zenyewe, ili mji asiuone ukiwa umevaa vizuri. Atafute ofisi ya fundi, aombe kukaa, hata kwa kufunga vifungo na kupiga pasi. Mtaa anaoutaka autembelee saa kumi na mbili asubuhi na saa moja usiku, ahesabu muda kwa simu yake.

HAMISI: Na laki tisa aiache benki. Aje na nauli ya kwenda na kurudi, na ya kula.

NEEMA: Na cherehani?

HAMISI: Cherehani ibaki barazani kwa shangazi, ifunikwe. Dada wa Makambako, shangazi yako umeshamuuliza lakini? Kwenye ile sauti hukusema yeye anaonaje, na baraza ni lake.