Taa Zikicheza, Muulize Mwenye Gari Zinacheza Lini

Habari za asubuhi, vijana. Naona wachache mmekuja na mita za kupimia volti, wengi mmekuja na spana namba kumi. Namba kumi ndiyo inayofungua kichwa cha betri cha hizi Toyota zetu, na ndiyo inayonitia hofu.

Mnaujua ule mchezo. Injini inanguruma, fundi anachomoa waya wa hasi. Injini ikizima, altaneta (ile mashine inayozalisha umeme wa gari) mbovu, isipozima, nzima. Na mimi nilifundishwa hivyo enzi za kabureta. Lakini betri ni kama tenki la maji juu ya nyumba. Ukiliondoa ukaunga pampu moja kwa moja kwenye mabomba, kila mshtuko wa pampu utaufikia mfereji wa jikoni. Ukichomoa betri wakati altaneta inachaji kwa nguvu, volti hurukia juu, zinaweza kuvuka 40 kabla regyuleta, kile kidhibiti cha volti, haijawahi kuzishusha, na kompyuta ya injini ikiungua mteja hataki kusikia habari ya kabureta. Tena kipimo chenyewe hakikuambii kitu: altaneta iliyokufa dayodi moja (kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) bado inaweza kuiendesha injini vizuri tu.

Sasa mteja anakuja anasema, "Fundi, taa zinacheza." Usishike kitu. Muulize zinacheza lini.

Akisema zinafifia kwenye foleni na akikanyaga mafuta zinang'aa, basi gari ikiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, umeme hautoshi. Kufifia kidogo ni kawaida: altaneta inazunguka polepole huku kiyoyozi, feni ya rejeta na redio vyote vinadai. Zikififia sana, angalia mkanda, angalia kaboni zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya altaneta, pima betri. Akisema zinacheza akipita kwenye shimo au akifunga mlango, hiyo ni waya iliyolegea. Iache altaneta ya watu. Na zikicheza kwa kufuata besi ya muziki, mwambie apunguze spika. (Mnacheka, ila nimeletewa gari ya hivyo mara mbili.)

Zinazonivutia mimi ni zile zinazotetemeka haraka haraka, na tetemeko linapanda kadiri unavyopiga resi. Ndani ya altaneta umeme unazaliwa ukienda na kurudi, kwa nyaya tatu zinazopokezana. Dayodi, kwa kawaida 6, ndizo zinazougeuza uelekee upande mmoja ili betri iupokee. Moja ikifa, kila mzunguko unaacha pengo, na pengo hilo ndilo jicho linaloliona. Redio nayo huanza kulia kama nzi. Weka mita kwenye volti za umeme wa kwenda na kurudi, gusa vichwa viwili vya betri injini ikiwaka na taa zikiwaka. Ukisoma zaidi ya nusu volti, washuku dayodi. Na aliyebadilisha balbu akaweka za LED atakuambia tatizo lilianza siku hiyo. Halikuanza siku hiyo. Uzi wa balbu ya zamani hubaki na joto na kuficha pengo, LED haifichi.

Namba nyingine ni chache. Asubuhi, gari imelala, betri iliyojaa inasoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka, mara nyingi utaona kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kazi, betri inachemka, na utasikia harufu ya mayai viza. Ila magari mapya kadhaa hushusha chaji makusudi, kompyuta ikiona betri imeshiba, kwa hiyo ukisoma 12.9 usikimbilie kuhukumu; washa taa kubwa na feni, upime tena.

Niwasimulie gari moja. Mwenyewe alikuwa ameshanunua betri mbili na altaneta moja. Taa za mbele hafifu, usiku gari inataka kusukumwa. Betri mpya, altaneta inatoa 14.3 pale pale mgongoni kwake. Mafundi watatu walikuwa wameishia hapo. Nikaiwasha, nikawasha taa na feni, ncha moja ya mita nikaigusisha kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Hapo unatarajia chini ya 0.2. Nikasoma 1.4. Umeme ulikuwa unatoka vizuri lakini unakosa njia ya kurudi. Kumbe gia boksi iliwahi kushushwa, na waya wa ethi, ndio wa kurudishia umeme, wa kutoka injini kwenda kwenye bodi haukurudishwa. Umeme ulikuwa unajipenyeza kwa kebo ya mafuta na vipande vingine vya chuma. Kebo yenyewe ilikuwa ya moto kuishika. Waya mpya wa ethi, msasa kidogo kwenye bodi, boliti moja. Nililipwa hela ya soda.

Huku pwani kipimo hicho msikiruke hata siku moja, maana chumvi ya hewani hula viungio kwa ndani huku kwa nje vinaonekana vizima.

Haya, ile nyeupe pale nje nimeiharibu mwenyewe jana jioni. Tokeni wanne wanne, mita mkononi. Spana namba kumi ziacheni hapa mezani.