Mji Ambao Msikilizaji Ana Jina: Jazi ya New Orleans

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Zuhura, na leo mwenzangu Musa yuko nasi baada ya wiki tatu za kusikiliza jazi New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani. Kaka Musa, pole na safari.

MUSA: Nimeshapoa, dada. Ila masikio bado yako kule.

ZUHURA: Nianze na neno lenyewe. Sisi wa Kiswahili tukisikia "jazi" tunakumbuka Western Jazz, Morogoro Jazz, OK Jazz. Ni bendi za dansi, magitaa, watu wako katikati ya ukumbi wanacheza. Halafu ukubwani unakutana na jazi nyingine, ya watu walioketi kimya, taa hafifu, na ukikohoa unatazamwa. Wewe ulifuata ipi?

MUSA: Nilifuata hiyo ya kimya. Nilikuwa na orodha ya kumbi, usiku huu hapa, kesho pale. Jumapili ya kwanza mama mmoja, jirani wa nilipofikia, akaniona nimekaa barazani nasubiri jioni. Akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia klabu zifunguliwe. Akasema, "Leo ni Jumapili, mwanangu. Muziki uko barabarani." Akanielekeza kona ya kwenda.

ZUHURA: Ukakuta nini?

MUSA: Kwanza unasikia ngoma kubwa. Bendi hujaiona, iko mitaa miwili mbele, lakini kifua kimeshajua. Ukikaribia unaona mpigaji ana kirungu mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika bisibisi.

ZUHURA: Bisibisi?

MUSA: Ya fundi, hii hii. Anagongea toazi lililofungwa juu ya ngoma. Mlio wake ni mkali, mwembamba, unapenya katikati ya tarumbeta na tromboni zote. Nyuma yake kuna susafoni, ile tuba kubwa inayovaliwa mwilini, ndiyo besi. Mbele ya bendi wako wanachama wa chama chenye maandamano siku hiyo. Suti za rangi moja kuanzia kofia hadi viatu, mapepeo ya manyoya mkononi, wanacheza hatua ambazo siwezi kukueleza kwa maneno. Na nyuma ya bendi ni sisi wengine. Watoto, wazee, watu wenye baiskeli, muuza vinywaji anasukuma kigari. Saa nne nzima, kwa miguu, mnasimama mahali mahali kupumzika, kisha mnaendelea.

ZUHURA: Kwa hiyo bendi inatembea, na hadhira inatembea nayo.

MUSA: Na hadhira hiyo ina jina. Bendi na chama ndio mstari wa kwanza. Wanaofuata ndio "second line", mstari wa pili. Sasa sikiliza jambo lililonigusa, dada. Maandamano yote yanaitwa kwa jina la wale wa nyuma. Watu hawasemi wanakwenda kuona bendi. Wanasema wanakwenda second line. Mji mzima umeupa muziki wake jina la wasikilizaji.

ZUHURA: Hapo umenipata. Lakini hivi vyama ni vya nini hasa? Ni vya burudani tu?

MUSA: Burudani imo hadi kwenye jina, vinaitwa vyama vya msaada na burudani. Ila mzizi wake unaufahamu vizuri kwa Kiswahili. Ni vyama vya kufa na kuzikana.

ZUHURA: Kweli?

MUSA: Kabisa. Baada ya utumwa kukomeshwa, watu weusi wa New Orleans hawakuwa na bima wala mlango wa kubisha. Wakachangishana. Ukiugua, chama kinamlipa daktari. Ukifa, chama kinakuzika, na kinakuzika kwa bendi. Kimojawapo, Young Men Olympian, kimekuwepo tangu 1884. Hiyo ni miaka 17 kabla Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta maarufu wa jazi, hajazaliwa katika mji huohuo. Maana yake chama kilikuwepo kabla hata muziki wenyewe haujaitwa jazi.

ZUHURA: Hebu tueleze hayo mazishi. Nimeona picha nyingi, watu wanacheza kwenye mazishi, na wengine wanadhani ni utovu wa heshima.

MUSA: Nilibahatika kuruhusiwa kufuata moja, nikiwa nyuma kabisa, maana sikuwa wa familia. Kwenda, hakuna anayecheza. Bendi inapiga nyimbo za kanisani taratibu sana. Mpigaji wa ngoma ndogo analegeza zile nyaya za chini ili mlio uwe mzito, usiolia. Hatua moja, kituo. Hatua moja, kituo. Watu wanalia waziwazi. Kisha wanafika mahali pa kumwachia marehemu aende zake. Ngoma ndogo inakazwa upya, unasikia mlio umebadilika, tarumbeta inaita, na ndipo miavuli inafunguka. Mimi sikuona utovu wa heshima wowote. Niliona watu waliomaliza kazi ngumu ya kulia, na sasa wanamsindikiza.

ZUHURA: Subiri kidogo, nilimeze hilo. Tarumbeta ya furaha inakuja baada ya kilio, wala haichukui nafasi yake.

MUSA: Ndiyo. Na ukishalisikia hilo barabarani, ukiingia klabuni usiku unasikia jazi kwa sikio jingine.

ZUHURA: Nataka tufike kwenye kumbi, lakini kuna mahali huwezi kuparuka. Congo Square.

MUSA: Siwezi. Ni uwanja ulioko mtaa wa Tremé, leo uko ndani ya bustani yenye jina la Armstrong. Mwaka 1817 wakubwa wa mji walitunga sheria kwamba watumwa wasikusanyike kucheza ila Jumapili, tena mahali palipotengwa. Uwanja huo ndio ukawa mahali penyewe. Ngoma, nyimbo, masoko madogo, lugha za Afrika Magharibi na Kongo zinasemwa wazi. Nilikwenda Jumapili asubuhi nikakaa tu chini ya mwaloni. Ndipo nikapata jibu la kwa nini maandamano ni Jumapili. Siku wanayotembea leo ni siku ileile.

ZUHURA: Haya, kumbi.

MUSA: Preservation Hall kwanza. Ilianza 1961, ili wanamuziki weusi wazee wa jazi ya kale wapate mahali pa kupiga. Chumba kidogo mno, mabenchi machache, wengine mnakaa sakafuni karibu na viatu vya wapigaji. Hakuna baa, hakuna maikrofoni. Kama dakika 45, kisha mnawapisha wengine. Zamani kulikuwa na kibao cha bei za kuomba wimbo, na ghali kuliko zote ilikuwa "When the Saints Go Marching In", kwa sababu kila mgeni aliomba huohuo.

ZUHURA: Na mtaa wa Frenchmen?

MUSA: Huko ni vilabu mlango kwa mlango, unaweza kusikia bendi tatu usiku mmoja bila kupanda gari. Pale Snug Harbor ndipo Ellis Marsalis, mpiga piano, alipopiga miaka na miaka, hadi 2020, mwaka aliofariki kwa Korona. Huyo ni mwalimu wa walimu. Wanawe Wynton, mpiga tarumbeta, na Branford, mpiga saksafoni, unawajua, lakini hata wanamuziki kama Terence Blanchard na Harry Connick Jr. walipita mikononi mwake.

ZUHURA: Kuna kitu nataka tukiseme bila kuzungukazunguka. Pesa.

MUSA: Tuseme. Vilabu vingi vya mtaa ule huingii kwa tiketi. Ndoo inapitishwa, na kwa wapigaji wengi ile ndoo ni sehemu kubwa ya ujira wa usiku. Nimeona watu wanapiga video nyimbo sita, ndoo ikifika wanatazama simu. Iliniuma. Ukisikiliza, lipa. Unywe soda, usinywe, lipa. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005 wanamuziki wengi walitawanyika, na waliorudi walirudi kwenye kodi za nyumba zilizopanda. Muziki huu hauishi kwa sifa.

ZUHURA: Vijana wapo lakini? Au ni muziki wa wazee?

MUSA: Wapo tele. Miaka ya sabini bendi za mitaani zilikuwa zinafifia. Mzee mmoja, Danny Barker, mpiga banjo na gitaa, akakusanya watoto wa kanisa la Fairview akawafundisha. Kutoka kwa vijana wale ikatoka bendi ya Dirty Dozen, 1977. Halafu 1983 wanafunzi wa sekondari wakaanzisha bendi ya Rebirth, ambao 2012 walipata tuzo ya Grammy. Bendi hizo mbili ziliingiza mdundo wa fanki, na barabara ikawaka upya.

ZUHURA: Swali la mwisho, na ni langu binafsi. Nikienda Jumapili, nisimame wapi?

MUSA: Usisimame. Ila ukiuliza utembee wapi, mimi nilijaribu kila mahali. Pembeni unaona mavazi vizuri, lakini sauti inapita. Mbele utawazuia wanachama, na mbele ni kwao. Nenda nyuma ya susafoni, kushoto kidogo, usikie besi mgongoni mwake na toazi kwa mbali. Vaa viatu vya kutembelea, beba maji. Na noti ndogondogo.