Kihenge cha Cape Town na Daftari la Mbeya

Wakubwa wangu shikamooni, vijana hamjambo. Ahsanteni kwa kutoka na baridi hii ya Julai. Nimeombwa nieleze historia ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Cape Town, yale yanayoitwa Zeitz MOCAA. Mengine nitakayoyasema nimeshayasema Iringa, nikayasema Njombe, na hapahapa Mbeya si mara ya kwanza. Nayarudia kwa sababu hayajafanyika.

Kila nikionyesha picha za jengo lile, watu husema, "Mwalimu, na sisi tujengewe." Neno hilo linaniudhi, na leo nataka mjue kwa nini.

Jengo lile lilikuwa kihenge. Ndiyo, kihenge cha nafaka, kama hivi mnavyoviona Makambako na Mbozi, ila chenyewe cha zege, tena bandarini. Ujenzi ulianza 1921, kazi ikaanza 1924. Mahindi yalifika kwa treni, yakapimwa, yakapangwa madaraja, yakapakiwa melini kwenda nje. Mita 57 kwenda juu! Mwaka 2001 kazi ilikuwa imekwisha, kikabaki kimesimama kitupu. Ndani kulikuwa na mirija 42 ya zege iliyobanana kama mianzi. Sasa picha utaitundika wapi kwenye ukuta wa duara? Wengi wangebomoa. Msanifu wa Uingereza, Thomas Heatherwick, na wenzake wakachukua punje moja ya mahindi. Moja tu. Wakaipima umbo lake kwa kompyuta, wakalikuza mpaka likafika mita 27, kisha wakalichonga umbo hilo katikati ya ile mirija. Kwanza waliziongezea kuta zege jipya kwa ndani, kwa kuwa la zamani lilikuwa jembamba na lingeporomoka, ndipo wakaingiza misumeno. Mtu akiingia leo, anasimama ndani ya punje.

Nakaa sana kwenye punje hii, najua, na mwenyekiti ameshaangalia saa. Lakini sisi ni watu wa mahindi! Mtoto wa Mbozi, wa Ileje, wa Songea, anajua kupukuchua kabla hajajua kusoma. Na anajua kuwa hakuna mkulima anayemaliza kujenga kihenge ndipo aulize mbegu zinauzwa wapi. Kwenye mahindi tunajua hivyo. Kwenye sanaa tunasahau, tunaanza na ramani ya jengo.

Septemba 2017 milango ikafunguliwa. Ndani kulikuwa na nini? Sehemu kubwa ilikuwa kazi za Jochen Zeitz, Mjerumani aliyewahi kuiongoza kampuni ya Puma, ambazo aliyaazimisha makumbusho kwa muda mrefu. Ndiyo maana jina lake liko mlangoni. Simlaumu hata kidogo, maana alinunua kazi za Waafrika wakati Waafrika wenyewe tulikuwa hatununui. Ila angalieni mpango ulivyokaa: jengo liko mjini, mkusanyiko ni wa mtu. Cha kuazima kina mwenyewe.

Mwaka 2019 uongozi ukashikwa na Koyo Kouoh, mama mzaliwa wa Douala, Kameruni. Mwaka uliofuata, korona ikiwa imefunga kila kitu, makumbusho yakawaambia wakazi: leteni mlizonazo majumbani. Picha ya mtoto, picha ya jirani, kazi ya msanii mkubwa, zote. Zikaja karibu 2,000, zikatundikwa pamoja. Kwangu mimi mwaka ule ndio makumbusho yale yalipata mji wake, na miaka mitatu ilikuwa imeshapita tangu kufunguliwa. Mama yule alifariki Mei 2025, akiwa anaandaa maonyesho ya Venice ya 2026. Mungu ampumzishe.

Najua kuna anayesema moyoni, "Wenzetu wana hela." Haya, twende New York. Makumbusho yao ya sanaa ya kisasa, MoMA, yalifunguliwa Novemba 1929, siku chache baada ya soko la hisa kuanguka. Yalianzia kwenye vyumba vya kupanga, na mkusanyiko ukaanza na picha za chapa nane na mchoro mmoja. Jumla tisa! Jengo lao wenyewe likaja 1939. Na mwaka 1960 watu hao hao walinunua picha ya Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mtoto wa Moshi akitaka kuiona, akakate viza.

Mwingine atasema makumbusho tunayo. Kweli. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, na Boma la Wajerumani pale Iringa limefunguliwa kuwa makumbusho 2016. Nawapeleka wanafunzi huko na nitaendelea kuwapeleka. Lakini ninachodai hapa ni kazi ya mtu anayechora leo, inunuliwe leo, yeye akiwa hai na akiweza kutuambia alichokusudia.

Pale Soweto, hii ya kwetu Mbeya, palikuwa na mzee aliyechora mabango: vinyozi, mabucha, milango ya baa, ubavu wa mabasi. Rangi yake ya buluu niliitambua nikiwa ndani ya daladala. Alipofariki nilichelewa wiki tatu kwenda kwake. Nikakuta mbao zake zimejengea banda la kuku, picha zimetazama ndani. Familia haikukosea, mbao ni mbao na kuku wanahitaji banda. Mimi ndiye niliyempita miaka kumi na moja nikimwambia "kazi nzuri, mzee" bila kutoa hata elfu ishirini nikabeba ubao mmoja nyumbani. Sitalisamehe hilo kwangu, na ndiyo sababu ninapiga kelele.

Muda umekwisha, naona. Nilitaka kuzungumzia kodi, somo la sanaa mashuleni, na vikapu vya milulu vya Iringa, tutaacha. Niseme tu la vyungu. Wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu kijijini Ikombe, Ziwa Nyasa, vinavushwa kwa mitumbwi hadi mnadani Lyulilo, pale Matema, vinapanda hadi huku kwetu. Mmepikia, mmewekea maji. Ukiuliza nani alifinyanga, jibu ni "Wakisi". Chungu hakifinyangwi na kabila, kinafinyangwa na mtu mwenye jina.

Daftari hili nimelinunua jana Mwanjelwa. Nimechora safu nne: kazi, aliyeifanya, mwaka, ilipo sasa. Jengo tutalizungumzia likijaa. Tunaanzia mstari wa mbele. Mama, ulipoingia uliniambia una chungu alichokuachia bibi yako. Kaa tu, usisimame. Alikinunua kwa nani?