Beji Ina Namba Nyuma: Kuwatafuta Askari wa Miavuli na Jamaa Zao

(Mhadhara niliotoa kwa kikundi chetu cha historia za familia, Arusha. Nimeuandika karibu kama nilivyousema, nikiondoa tu kukohoa kwangu na simu ya mzee mmoja iliyolia mara tatu.)

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kumtafuta ndugu au rafiki aliyekuwa askari wa miavuli wakati wa Vita Kuu ya Pili. Najua kuna anayejiuliza: mwalimu mstaafu wa Usa River ana habari gani na watu walioruka kutoka ndege za Ulaya? Ninazo, na nilizipatia hapo Tengeru, nyuma ya chuo cha mifugo, kwenye makaburi karibu 150 yenye majina ambayo ndimi zetu zinajikwaa. Wengi wenu mmepita pale mkienda Ziwa Duluti. Wazee wanaijua habari hiyo, lakini vijana nitawasimulia kidogo.

Mwaka 1940 Wasovieti waliwachukua Wapolandi wa mashariki ya nchi yao kwa malaki, familia nzima nzima, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941, serikali ya Polandi iliyokuwa London ikapatana na Moscow, na waliokuwa hai wakaachiwa. Mwaka 1942 wakavuka Bahari ya Kaspi kuingia Iran, na hapo familia zikagawanyika. Wanaume na vijana wenye umri wa bunduki walikwenda jeshini. Kina mama, watoto na wazee walipelekwa India, Mexico, New Zealand, na maelfu yao wakaletwa Afrika. Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote huku kwetu, watu karibu 5,000 katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa nyasi, wakiwa na shule, kanisa, hospitali na shamba lao.

Sasa tazama familia moja. Mama yuko Tengeru, anajifunza kupika ndizi. Mwanawe wa miaka ishirini amepelekwa Uskoti. Huko amejiunga na Brigedi ya Kwanza Huru ya Miavuli ya Polandi, iliyoundwa Septemba 1941 chini ya Stanisław Sosabowski. Wanafanya mazoezi kwenye uwanja wa jumba moja la Fife, wakining'inia na kurukaruka kwenye miti, na wenyewe wanapaita Msitu wa Nyani. Kisha wanapelekwa Ringway, karibu na Manchester, kuruka kweli kweli. Mama amezungukwa na nyani halisi, mwana yuko katika wa kuigiza, na kati yao kuna barua inayosafiri miezi.

Kaulimbiu ya brigedi ile ilikuwa "Kwa njia fupi kuliko zote", yaani kurudi nyumbani moja kwa moja kutoka angani. Walitaka kuruka Polandi, Warsaw itakapoinuka. Kina mama wa Warsaw waliwashonea bendera kwa siri huku mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani, ikatoroshwa hadi Uingereza. Warsaw ikainuka kweli, tarehe 1 Agosti 1944. Brigedi haikupelekwa. Mtoto wa Sosabowski mwenyewe alikuwa kule akipigana, na alipoteza macho yote mawili. Baba yake alikuwa Uingereza akingoja amri, na amri ilipokuja ilikuwa ya kwenda Uholanzi.

Waliruka Driel, ng'ambo ya mto kutoka Oosterbeek, tarehe 21 Septemba 1944, siku ya tano ya mapigano ya kugombea daraja la Arnhem, Waingereza wakiwa tayari wamebanwa upande wa pili. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, baadhi ya ndege zikarudi na watu wake, kwa hiyo kama thuluthi moja ya askari hawakushuka siku ile. Walishuka siku mbili baadaye, karibu na mji wa Grave. Shikeni jambo hili, tutalirudia. Kivuko walichokitegemea hakikuwepo. Walivuka usiku kwa vijiboti vya mpira, wachache wachache, chini ya risasi. Karibu 100 walikufa katika siku chache hizo. Baadaye lawama wakatupiwa wao, na Sosabowski akaondolewa kwenye uongozi Desemba ile ile. Alimaliza maisha yake ya kazi kama mtunza stoo kiwandani London, akafariki mwaka 1967. Uholanzi ilikuja kuipa brigedi nishani yake kuu ya kijeshi mwaka 2006, na yeye nishani ya Simba wa Shaba akiwa kaburini. Mimi nasema waliaibishwa kwa makosa ya wengine, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine na nitahitaji chai zaidi.

Turudi kwenye kutafuta. Watu wote huanza na jina. Ukianza na jina utapotea, na kwa Wapolandi utapotea mapema zaidi. Kaka ni Kowalski, dada yake ni Kowalska. Karani wa Kiingereza anaandika familia mbili. Jina Wojciechowski liliandikwa kwanza kwa herufi za Kirusi, kisha Mwingereza wa Iran akalitoa kwenye Kirusi kama alivyolisikia, kisha karani wa Mombasa akalinakili kwa kasi ya mtu anayetaka kwenda kula. Mpaka lifike Tengeru limevaa nguo nne. Ongeza hapo kwamba Wapolandi walioruka usiku kuingia nchini mwao, wale 316 walioitwa wa kimyakimya na wasioonekana, walikwenda kwa majina ya bandia ili Wajerumani wasiwaadhibu jamaa zao.

Waingereza nao wana lao. Mzee anakwambia, "Nilikuwa na rafiki Arnhem, tulimwita Ginger." Wenye nywele nyekundu wote waliitwa Ginger! Kwa Mwingereza namba ya jeshi ni bora kuliko jina, kwa sababu kila rejimenti ilikuwa na fungu lake la namba, na askari alibaki na namba yake hata akihama. Askari wa miavuli walikuwa watu wa kujitolea kutoka vikosi vingine. Kwa hiyo namba inakwambia alikotoka kabla hajavaa kofia nyekundu ya miavuli. Batalioni ya 10, kwa mfano, ilianzishwa Misri kwa watu wa rejimenti ya Royal Sussex. Ukikuta namba inayoanza na 640, usiende kumuuliza mtu wa Manchester, nenda Sussex.

Kanuni yangu basi ni hii: siku kwanza, kisha ndege, kisha namba, halafu jina. Askari wa miavuli haendi vitani na batalioni nzima. Anakwenda na watu kumi na kitu waliokaa benchi moja ndani ya ndege moja. Hao ndio waliomwona akiruka. Akishuka shamba lisilo lake, ndio pekee waliopotea naye. Ukijua aliruka tarehe 21 au 23, umeshaondoa mamia ya watu kwenye orodha yako.

Nilijifunza kwa kuumia. Mama mmoja wa Kanada aliniandikia mwaka 2009. Alikuwa Tengeru tangu ana miaka mitano. Mama yake alifia pale mwaka 1945, na mwaka 1949 yeye akawa miongoni mwa yatima zaidi ya 100 waliopelekwa Kanada kwa meli. Kaka yake alikuwa wa miavuli, hakumwona tena. Alinipa jina. Nikatafuta, nikalipata kwenye orodha ya waliozikwa Oosterbeek. Jina lile lile, herufi kwa herufi. Nikamwandikia kwa fahari kubwa. Akalia, akatuma pesa za maua, akaomba misa isomwe.

Mwaka 2011 akaja mwenyewe kuona kaburi la mama yake na kunishukuru. Alikuwa na miaka 74, mkoba mkubwa, viatu vya kutembelea. Tumekaa barazani kwangu, akatoa kitambaa cha khaki kilichokunjwa, na juu yake beji: tai wa fedha anayeshuka kichwa chini, mabawa nyuma. Kaka yake alimpelekea mama yao kwa posta, ili asione kwamba kuruka ni jambo la kuogopa. Mimi nilikuwa nimeshasoma kuhusu beji hizo, lakini sijawahi kushika moja. Nyuma imekazwa kwa nati ya duara, kubwa kama shilingi ya zamani, na kati ya nati na beji kuna kile kitambaa. Hakuna aliyeifungua tangu ilipotoka Uskoti. Niliomba ruhusa. Ilikuwa imeshika kutu. Nikatia tone la mafuta ya cherehani ya mke wangu, tukanywa chai, nikajaribu tena kwa vidole maana koleo lingeikwangua. Ikazunguka. Chini ya kitambaa kulikuwa na maneno ya Kipolandi, maana yake "Kwako, ewe nchi yangu", na namba.

Namba hiyo ni ya mtu mmoja tu. Kila beji ilitolewa kwa namba na kuandikwa kwenye daftari. Tukawaandikia watu wa nyaraka London. Jibu lilichukua miezi mitatu: mwenye beji alizaliwa miaka sita baada ya yule niliyemzika mimi Oosterbeek. Walikuwa wawili wenye jina moja katika brigedi moja. Yule mkubwa aliruka tarehe 21 akafa. Mdogo, kaka wa mgeni wangu, ndege yake ilirudi. Aliruka tarehe 23, akatoka salama.

Barua ya kuomba radhi niliiandika mara tatu. Usiandikie mate na wino upo, nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la sita methali hiyo kila mwaka.

Faili lake la jeshi ndilo lililobaki kutafutwa. Wapolandi waliokuwa chini ya Waingereza, mafaili yao yalibaki Uingereza, na kwa miaka mingi yalitunzwa na Wizara ya Ulinzi. Ndugu anaweza kuomba, akiwa na uthibitisho wa kifo. Lilipokuja, ukurasa wa kwanza, kwenye mstari wa ndugu wa karibu, palikuwa na jina la mama, "Tengera, Tanganyika", limekatwa kwa kalamu, na juu yake jina la dada. Kumbe alijua mama amekufa. Dada mtu aliishi miaka 66 akiamini kaka hakuwahi kuambiwa. Kulikuwa pia na nakala ya ombi, kaka anaomba dada yake aletwe Uingereza kama familia nyingine za askari zilivyoletwa kutoka Mombasa. Amemwandika kwa jina linaloishia -ska, kama inavyopasa. Orodha ya kambi ilikuwa imemwandika -ski. Jibu: hayupo mtu wa jina hilo.

Alifariki Bradford miaka ya 1980. Alikuwa fundi wa kiwanda cha sufu, ana watoto wawili. Mmoja anafanana na mgeni wangu hata mimi niliona kwenye picha.

Sasa haraka haraka, mahali pa kugonga hodi. Kwa Wapolandi: Taasisi ya Polandi na Makumbusho ya Sikorski, London, ambako zipo nyaraka za brigedi, na orodha za waliopelekwa uhamishoni Urusi, zinazotunzwa Polandi. Kwa Waingereza: Hifadhi ya Taifa, Kew, yenye shajara za vita za kila batalioni, na fomu walizojaza mateka waliokombolewa, maana walionaswa Arnhem walikuwa zaidi ya 6,000 na wengi walijaza. Tangu 2022 mafaili ya askari nayo yanahamishiwa huko. Ya mtu aliyezaliwa chini ya miaka 115 iliyopita hayafunguliwi bila uthibitisho wa kifo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inaorodhesha waliokufa, mara nyingi ikitaja wazazi na mji wao, na mji ndio utakaokufikisha kwa jamaa. Ujerumani kuna hifadhi ya Arolsen, nyaraka milioni 30 na zaidi za walioteswa na Wanazi na waliohamishwa na vita, bure. Kwa Wamarekani jueni kwamba Julai 1973 moto uliunguza kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi ya jeshi la nchi kavu. Ila ripoti za kila asubuhi za kombania zilinusurika. Humo mtu anatajwa siku aliyofika, aliyoumwa, aliyotoweka. Rudi kwenye kanuni: ukiwa na siku, unaanza.

Na kama mwenzake bado yuko hai? Wamebaki wachache, wote wamepita miaka mia au wanaikaribia. Usimuulize "unamkumbuka fulani?" Atasema ndiyo kwa adabu. Muulize nani alikaa mkono wake wa kulia ndani ya ndege.

Kuna bibi kule nyuma ameuliza kwa karatasi kama njia hii inamfaa baba yake wa KAR, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, aliyekwenda Burma. Inamfaa, mama, ukiondoa ndege. Lete ile namba iliyochorwa kwenye medali, ukingoni, kama imechorwa. Ipige picha, usiisugue.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunakwenda Tengeru kusafisha. Njooni na maji, brashi laini ya nguo, na kandambili za kubadilisha, kuna tope. Brashi ya waya hapana. Na mtu asipake herufi rangi kabla hatujazisoma, mwaka jana kaburi moja tulilibadilisha jinsia.